DUKA LAKO LINA NJIA NGAPI ZA KUTOKEA? Setingi za njia kwenye ruta, kwa lugha ya sokoni

Leo tuache kidogo mambo ya picha na maneno ya kuvutia wateja. Tuongelee kile kiboksi chenye taa kilichokaa juu ya kabati la duka lako, kile ambacho hukikumbuki mpaka siku mteja anakwambia "nimekutumia meseji toka asubuhi hujibu, nimeshanunua kwa mwingine".

Somo ni setingi za njia kwenye ruta. Najua neno lenyewe linatisha. Mimi nimeishia kidato cha nne, nauza viatu na mabegi, na mambo ya mtandao nimejifunza kwa kufungua ruta, kusoma usiku na kuwasumbua mafundi kwa maswali. Kwa hiyo sitakuongelesha kiinjinia. Tutaona njia zinachaguliwaje, nini kiliwahi kutokea duniani kwa sababu ya njia, halafu wewe dukani kwako ufanye nini. Post ni ndefu, ihifadhi uisome kwa vipande.

Kwanza piga hesabu hii. Tuseme unauza 240,000 kwa siku, na unakuwa hewani saa 12. Saa moja ni 20,000. Mtandao ukikata saa tatu jioni moja ya wiki, wakati ndo wateja wametoka kazini na wanaulizia bei, umepoteza 60,000 hapo hapo. Weka namba zako mwenyewe, utajua kama somo hili linakuhusu au la.

1. RUTA NI KAMA WAKALA WA MABASI

Chukua mzigo wako wa Kariakoo unaokwenda kwa mteja Mwanza. Wewe huusindikizi. Unaupeleka kwa wakala, unaandika jina na namba ya simu, unaondoka. Wakala wa Dar hajui nyumba ya mteja iko mtaa gani. Anajua kitu kimoja tu: mzigo wa Mwanza unapanda gari lipi. Mbele ya safari kuna mtu mwingine anayejua hatua inayofuata.

Meseji yako ya WhatsApp inasafiri hivyo hivyo. Inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinabandikwa anwani ya kinakokwenda, kisha kinapita ruta moja baada ya nyingine. Kila ruta ina daftari lake, wataalamu wanaliita jedwali la njia. Ndani yake kuna mistari: mzigo wa huku toa mlango huu, mzigo wa kule toa mlango ule. Na kuna mstari mmoja muhimu kuliko yote kwa mwenye duka: mzigo wowote nisioujua, peleka hapa. Hiyo ndiyo njia kuu ya kutokea. Kwenye ruta utaiona imeandikwa 0.0.0.0/0, na pembeni yake kuna anwani ya lango, yaani kifaa kinachokutoa kwenda kwa kampuni inayokuuzia intaneti.

Ruta nyingi za dukani zina mstari mmoja tu wa aina hiyo. Laini hiyo ikifa, duka limefungwa hata kama mlango uko wazi na muziki unapiga.

2. DAFTARI LINAJAZWA NA NANI?

Kuna namna mbili. Ya kwanza unaandika mwenyewe kwa mkono. Hiyo ni njia ya kudumu, inakaa hapo mpaka uifute. Ya pili ruta zinaambiana zenyewe: "mimi nafika sehemu fulani, nyie je?" Utaratibu wa kuambiana huko ndo unaitwa itifaki ya njia. Ukifungua menyu ya ruta iliyo nzuri kidogo utakutana na majina haya matatu.

RIP. Hii ni ya zamani na ni rahisi. Inahesabu vituo tu. Njia yenye vituo vichache ndiyo bora kwake, haijali kama barabara ni lami au ni mashimo matupu. Mwisho wake ni vituo 15, ikifika 16 inahesabu kwamba huko hakufikiki. Na kila sekunde 30 inawasomea majirani daftari lake.

OSPF. Hii ina akili zaidi. Kila kipande cha njia kina gharama, na mara nyingi gharama inatokana na kasi ya laini. Ruta zote za eneo moja zinashika ramani ileile. Majirani wanapigiana hodi, kwa kawaida kila sekunde 10. Jirani akikaa kimya sekunde 40 anahesabiwa hayupo, na njia zinapangwa upya bila kumsubiri mtu.

BGP. Hii ndiyo ya dunia nzima. Kazi yake kubwa ni kuunganisha kampuni na kampuni, nchi na nchi. Kila mtandao unaoshiriki una namba yake ya utambulisho. Ya Facebook ni 32934. Huku kwetu Afrika namba hizo zinagawiwa na AFRINIC, ofisi zake ziko Mauritius. Wazo la BGP lilichorwa mwaka 1989 na Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM, kwenye karatasi za kufutia mikono wakati wa chakula cha mchana. Mpaka leo oda zako zinapita juu ya wazo lile.

Sasa ruta ikisikia habari mbili tofauti, inamfuata nani? Kuna sheria mbili, zishike vizuri maana kila kitu kinachofuata kinasimama juu yake.

Sheria ya kwanza: anwani iliyo bayana zaidi inashinda. Mmoja akisema "mizigo ya Mwanza niletee mimi" na mwingine akasema "mizigo ya Nyamagana, Mwanza, niletee mimi", mzigo wa Nyamagana unakwenda kwa huyo wa pili.

Sheria ya pili: anwani zikilingana, ruta inaangalia namba ya umbali. Huu si umbali wa kilomita, ni kiasi cha kuaminiwa. Namba ndogo inashinda. Kwenye ruta nyingi, njia uliyoandika kwa mkono ina namba 1, iliyoletwa na OSPF ina 110, iliyoletwa na RIP ina 120. Yani neno la mwenye duka linasikilizwa kwanza, maneno ya majirani baadaye.

3. SIKU TATU AMBAZO NJIA ZILILETA BALAA

Siku ya kwanza: 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan iliagiza YouTube izuiwe nchini humo. Kampuni ya simu ya Pakistan Telecom ikaandika njia ya kuzimeza safari zote za kwenda YouTube. Ilitakiwa ibaki ndani ya nchi. Ikavuja, ikatangazwa kwa BGP hadi kwa kampuni inayowaunganisha na dunia, na hiyo nayo ikaisambaza bila kuuliza. YouTube walikuwa wametangaza fungu kubwa la anwani, Pakistan wakatangaza fungu dogo lililo ndani yake. Umeikumbuka sheria ya kwanza? Iliyo bayana zaidi inashinda. Kwa muda wa kama saa mbili, watu wa sehemu nyingi duniani wakifungua YouTube safari zao zilikuwa zinapelekwa Pakistan na kuishia huko.

Tunajifunza nini? Itifaki hizi zinamwamini jirani. Usipoweka mipaka, ruta inapokea chochote inachoambiwa.

Siku ya pili: Jumatatu, 4 Oktoba 2021. Hii wengi wetu tunaikumbuka. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa kama saa 12:40 jioni, wakati wa mauzo kabisa. WhatsApp, Instagram na Facebook zikapotea kwa pamoja, karibu saa sita. Watu wakazima data na kuwasha, wengine wakanunua bando jipya, wengine wakamlaumu mtoto kachezea simu.

Kampuni yenyewe ilikuja kueleza. Kwenye matengenezo ya kawaida ilitolewa amri ya kupima uwezo wa mtandao wao wa ndani unaounganisha vituo vyao duniani. Amri ile ikaukata mtandao wote. Kulikuwa na programu ya kukagua amri kama hizo na kuzizuia, lakini nayo ilikuwa na hitilafu, haikuzuia. Seva zao zinazotafsiri majina kuwa anwani zilipoona haziwezi kuongea na vituo, zikafuta matangazo yao ya BGP, kama zilivyopangwa kufanya zikihisi mtandao wao una tatizo. Dunia ikawa haina njia ya kuzifikia. Kilichochelewesha matengenezo ni kwamba vifaa vya mafundi vya kufanyia kazi kwa mbali vilitegemea mtandao uleule uliokatika. Ikabidi watu waende kwa miguu yao kwenye vituo, ambako ulinzi ni mkali na kuingia kunachukua muda.

Fundisho hapa ni kubwa. Setingi ya jumla inagusa kila kitu kwa mara moja. Kama njia unayotumia kuirekebisha ni ileile uliyoikata, umejifungia nje na funguo ziko ndani.

Siku ya tatu: Jumapili, 12 Mei 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Yote miwili inatua Dar es Salaam. Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia sana, na Kenya, Uganda, Msumbiji na Malawi pia waliguswa. Hapo tayari SEACOM ilikuwa na jeraha lingine upande wa kaskazini, kwenye Bahari ya Shamu, tangu Februari mwaka huohuo.

Ruta za kampuni zilifanya kazi yake siku ile. BGP ilitafuta njia nyingine kama ilivyofundishwa. Shida ni kwamba njia zilizobaki zilikuwa chache na nyembamba kwa watu wote wale. Itifaki inachagua njia zilizopo, haiwezi kukuchimbia mpya.

Na hapo ndo tunarudi dukani. Ukiwa na laini mbili zinazopita kwenye nguzo ileile, au za kampuni mbili zinazonunua kutoka mkongo mmoja, kwenye karatasi una njia mbili lakini siku ya tatizo una moja.

4. HATUA ZA KUWEKA NJIA YA PILI

Kama unauzia kwenye simu tu, huna duka wala ruta, njia yako ya pili ni laini mbili za mitandao tofauti kwenye simu moja, zote zikiwa na bando hata dogo. Kisha ingia kwenye setingi za simu uruhusu ihamie kwenye data pale Wi-Fi inapokuwa haina intaneti. Simu nyingi za sasa zina kitufe hicho. Hapo umemaliza, ruka uende sehemu ya 7.

Kama una duka lenye faiba, na labda kifaa cha kadi ya malipo, kompyuta ya stoki na vijana wawili wanaojibu wateja, fuata hivi.

Hatua ya kwanza, chagua laini mbili zisizofanana. Faiba moja, na ya pili iwe ya hewani, yaani ruta ya 4G au 5G ya mtandao mwingine. Uliza kila kampuni swali hili: "Hapa kwangu mnapita wapi?" Wauzaji wao hawapendi swali hilo, lakini ni haki yako, hela ni yako.

Hatua ya pili, pata ruta yenye milango miwili ya kupokea intaneti. Mimi natumia MikroTik, lakini hata TP-Link wana za milango miwili. Faiba iingie mlango wa kwanza, ile ya 4G ichomekwe mlango wa pili kwa waya. Hakikisha hivyo vifaa viwili havitumii fungu moja la anwani. Vyote viwili vikiwa 192.168.1.1, ruta itachanganyikiwa. Kimoja kibadilishe kiwe mfano 192.168.8.1.

Hatua ya tatu, andika njia kuu mbili. Kwenye MikroTik unaingia "IP", kisha "Routes". Ya faiba: 0.0.0.0/0, lango la faiba, umbali 1. Ya 4G: 0.0.0.0/0, lango la 4G, umbali 2. Sheria ya pili inafanya kazi: faiba ikiwa hai, 1 inashinda 2, kila kitu kinapita faiba na bando lako la 4G halitumiki. Kama ruta imejipatia lango yenyewe kutoka kwa kifaa cha kampuni, usiache njia hiyo na umbali wake wa 1 bila kuangalia. Unaweza ukawa na njia mbili za namba moja bila kujua.

Hatua ya nne, washa upimaji. Hapa ndo wengi wanapokosa. Ruta haijui faiba imekufa mpaka iambiwe ipime. Kuna setingi inaitwa "Check Gateway", weka "ping". Inapima lango kila sekunde 10, isipojibiwa mara mbili mfululizo inalihesabu limekufa na kuhamia njia ya pili. Ni kama sekunde 20 hivi.

Lakini subiri. Lango la faiba ni kile kiboksi kilichoko hapo hapo dukani. Mtu akikata waya nje barabarani, kiboksi bado kinawaka na bado kinajibu "nipo". Ruta itaendelea kutuma mizigo kwa wakala ambaye barabara yake imesombwa na maji. Kwa hiyo upimaji mzuri unapima mbali, kwenye anwani ya nje kama 8.8.8.8, kupitia faiba peke yake. Ruta za milango miwili nyingi zina sehemu ya kuandika anwani ya kupima. Kwenye MikroTik inataka mistari michache zaidi, mwambie fundi hivi: "Nataka ipime nje, isipime kiboksi." Fundi anayejua ataelewa papo hapo. Na kitu kimoja: anwani uliyoifunga kwa ajili ya kupima faiba usiitumie tena kama anwani ya kutafsiri majina. Faiba ikifa, nayo haitafikika, na simu za dukani zitasema hakuna intaneti wakati 4G ipo hai. Tumia nyingine, mfano 1.1.1.1.

Hatua ya tano, hakikisha mlango wa pili nao umewekewa tafsiri ya anwani, ile ambayo mafundi wanaiita "masquerade". Bila hiyo njia itahama vizuri kabisa lakini mizigo haitarudi.

Hatua ya sita, linda bando. Siku faiba imekufa, televisheni ya duka na simu za wateja zitakunywa bando lote la 4G ndani ya dakika. Wi-Fi ya wageni izuie isipite njia ya pili. Njia hiyo ni ya oda na malipo.

Na umeme je? Ruta, kiboksi cha faiba na kifaa cha 4G vyote vinataka umeme. Nunua kile kibetri kidogo cha kulinda ruta umeme ukikatika. Bila hicho, kazi yote hii inazimika na taa za duka.

5. UKIWA NA DUKA NA STOO

Sehemu hii ni kwa wale waliokua kidogo: duka liko sehemu moja, stoo iko jengo la jirani, mmeunganisha kwa antena au waya, na kila upande una ruta yake. Hapa OSPF inaanza kuwa na maana. Na hapa ndo unakutana na ukurasa wa setingi za jumla, zile zinazoihusu itifaki nzima na si mlango mmoja. Ziko tano za kuzijua.

Kitambulisho cha ruta. Kila ruta lazima iwe na chake, kisifanane na cha nyingine. Kinaandikwa kama anwani, mfano 10.255.0.1 kwa duka na 10.255.0.2 kwa stoo. Andika mwenyewe, usiiachie ruta ijichagulie, maana ukinakili setingi za ruta moja kwenda nyingine unaweza kupata vitambulisho pacha, na njia zitakuwa zinapotea na kurudi bila sababu ya kuonekana.

Kutangaza njia kuu. Kuna machaguo matatu: usitangaze kabisa, tangaze ikiwa unayo, au tangaza siku zote. Chagua la katikati. Ukichagua "siku zote", ruta ya duka itaendelea kuwaambia stoo "pitieni kwangu" hata wakati faiba imekufa. Ni kama konda anayeita abiria gari halina injini.

Umbali. Tuseme faiba iko dukani na 4G iko stoo, unataka stoo itumie faiba ya duka na 4G ibaki ya akiba kwa wote. Njia ya faiba pale dukani ipe umbali 1. Njia ya 4G kule stoo ipe 200. Faiba ikiwa hai, stoo inapokea njia ya duka kwa 110, na 110 inashinda 200. Faiba ikifa, duka linaacha kutangaza, stoo inashika 4G yake na kuitangaza, duka linapita stoo. Faiba ikirudi, kila kitu kinarudi chenyewe. Ruta zote mbili ziwe kwenye "ikiwa unayo". Na ule upimaji wa nje wa sehemu ya 4 lazima uwepo pale dukani, la sivyo hakuna kinachohama.

Milango ya kukaa kimya. Milango inayokwenda kwa wateja na Wi-Fi ya wageni isiongee OSPF. Kuna setingi ya kuifanya iwe "passive". Iache wazi tu ile inayokwenda stoo.

Neno la siri kati ya ruta. Kumbuka Pakistan, jirani anaaminiwa. Ukiweka neno la siri, mtu hawezi kuja na kompyuta yake akajifanya ruta na kuvuta mizigo ya malipo ya duka lako ipitie kwake.

Kama huna stoo, usiwashe OSPF wala RIP. BGP ndo kabisa, hiyo ni ya kampuni zenye namba zao. Ukikuta RIP imewashwa kwenye ruta yako na hujui kwa nini, muulize fundi aliyeifunga kabla hujaizima.

6. MLANGO WA KURUDI

Kabla hujagusa setingi yoyote ya jumla, fanya haya:

Hifadhi nakala ya setingi zilizopo, itoe nje ya ruta, iweke kwenye kompyuta na kwenye flashi.

Kaa karibu na ruta, umechomeka waya. Usibadilishe ukiwa nyumbani kwa mbali. Wakubwa wa 2021 walilazimika kuendesha gari kwenda kwenye vituo vyao.

Kama ni MikroTik, washa "Safe Mode" kwanza. Ukijikata mwenyewe, mabadiliko yanafutika na ruta inarudi ilivyokuwa.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine.

Fanya asubuhi na mapema kabla wateja hawajaamka. Kamwe usifanye jioni ya mwisho wa mwezi.

Andika kwenye karatasi: jina la kuingilia, neno la siri, anwani za malango yote mawili, namba ya fundi. Karatasi ikae kwenye droo ya hela. Ukiviweka kwenye simu inayotegemea mtandao huohuo, utavihitaji siku usiyoweza kuvifungua.

7. SIKU NJIA ZOTE ZIKIFA

Zipo siku ambazo hata laini tatu hazitakusaidia, kama ile ya Oktoba 2021. Njia zako zilikuwa nzima, mlango wa upande wa pili ndo ulipotea. Siku kama hizo kaa na hivi.

Orodha ya namba za wateja wako wakubwa nje ya WhatsApp, hata kwenye daftari. Meseji za kawaida za simu hazipiti huko.

Lipa namba yako ibandike dukani na uwape wateja. Kulipa kwa kubonyeza nyota na reli hakutumii bando wala intaneti ya simu.

Sehemu ya pili ya kuuzia. WhatsApp, Instagram na Facebook ni nyumba moja ya milango mitatu. Akaunti zote ukiziweka humo, unarudi kwenye mstari mmoja wa daftari.

KAZI YA WIKI HII

Usiamini njia ya pili ambayo hujawahi kuijaribu. Chagua asubuhi moja, chomoa waya wa faiba nje ya kiboksi, ule unaotoka ukutani, usichomoe ule wa kwenye ruta. Hesabu sekunde. Fungua WhatsApp, tuma picha, jaribu malipo ya shilingi mia. Kisha rudisha waya uone kama inarudi yenyewe. Andika tarehe na matokeo kwenye ile karatasi ya droo. Rudia kila mwezi, siku unayolipia faiba, ili usisahau.

Ukishajaribu, njoo kwenye maoni uandike vitu viwili tu: ruta yako ni ya aina gani, na ilichukua sekunde ngapi kuhama. Ikigoma, andika imegomea hatua ya ngapi, tutasaidiana hapa hapa, mafundi wamo humu. Na kama una ndugu yako anauza kwa kutegemea laini moja, mtumie hii leo, mtandao ukiwa bado upo.

Biashara njema.